Bisibisi Yenye Ulimi

Mjomba alikuwa boda boda wa baiskeli Busia, upande wa Uganda, enzi ambazo pikipiki zilikuwa chache na abiria wa kuvuka mpaka alikaa kwenye mto ulioshonwa juu ya keria. Kazi hiyo ilianzia palepale kwetu mpakani miaka ya 1960, na wenyewe waliifanya kwa fahari. Kilichoumia ni gurudumu la nyuma. Baiskeli zile nzito za inchi 28 zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na hizo 40 ndizo zilizombeba mtu mzima, kikapu chake na pengine gunia la mahindi.

Mwaka 1994 spoki zilianza kumkatikia. Fundi anamwekea moja, haupiti muda inakatika nyingine, na zote mahali pamoja: kwenye kona, pale kichwa kinapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Mjomba aliacha kulalamika, akaanza kuchunguza. Akashika spoki mbilimbili na kuzibana, akaona zimelegea. Alinieleza jambo ambalo mpaka leo naliona la ajabu: gurudumu likibeba mzigo, spoki zinazofika chini hulegea kidogo, zikipanda juu zinavutika tena. Iliyokazwa vizuri haijali. Iliyolegea hupinda na kunyooka kila mzunguko, mwisho inachoka na kukatika. Kwa hiyo kubadilisha moja moja hakukuwa dawa. Ilibidi gurudumu lisukwe upya lote.

Alinunua ringi na spoki mpya, habu akaiacha ileile. Vifaa vingine alivitengeneza nyumbani kwa Bibi. Nguzo ya jiko aliifungia kwa waya kipande cha nyuma cha fremu iliyokatika, hapo ndipo gurudumu lingening'inia na kuzunguka. Spoki ya zamani aliipinda, akaifunga ubavuni mwa kile kipande kwa utepe wa tyubu, ncha yake ikawa karibu kabisa na ringi. Spana ya spoki, ile ya duara yenye meno ya saizi mbalimbali, alikuwa nayo tangu zamani.

Lakini kilichonishangaza ni bisibisi. Alikaa nayo na tupa mchana kutwa, akaila ncha pande zote mbili mpaka katikati pakabaki kiulimi chembamba. Kiulimi kile kinaingia kwenye tundu la nati ya spoki. Unazungusha, spoki inapanda ndani ya nati, na ikifika juu inakisukuma nje, bisibisi inazunguka bure. Basi kila nati inasimama pale pale ilipoishia mwenzake, na gurudumu linaanza likiwa limenyooka nusu kabla hujagusa spana. Nimeona mafundi wenye maduka wasiokuwa na kitu kama kile.

"Mama, leo huendi popote," aliniambia Jumamosi. "Nataka vidole vyako."

"Haya, mjomba."

Kazi yangu ilikuwa kuchovya ncha za spoki kwenye mafuta na kumpa. Ya kwanza aliiweka kando ya tundu la valvu, kisha akaruka matundu matatu, akaweka nyingine, akaendelea hivyo mpaka kumi zikaenea. Akageuza gurudumu, upande wa pili kumi. Halafu akaizungusha habu kwa kiganja, zile zikalala kimshazari, na zilizobaki zikaanza kupita katikati yao: kila moja ilivuka nne za upande wake, tatu kwa nje, ya mwisho kwa ndani, ili ziegemeane. Bibi alikuja na ungo wake, akasimama kutazama akasahau mchele.

Kunyoosha ndiko kulikochukua muda. Ringi ikigusa ncha upande wa kushoto, unakaza za kulia na kulegeza za kushoto, robo mzunguko tu. Mjomba, hata hivyo, alihangaika zaidi na kule kuruka juu na chini. Breki za baiskeli zile ni za vyuma, haziibani ringi ubavuni bali huivuta kutokea ndani, upande wa spoki. Ringi ikiruka, breki inashika na kuachia, na abiria aliyekaa nyuma anatupwa mbele. Kisha akalitoa gurudumu, akalirudisha kinyume, akapima nafasi ya ncha ile ile kuona kama ringi imekaa katikati. Upande wa friwili, ile gia ya nyuma inayoshika mnyororo, ulihitaji kukazwa zaidi, kwa kuwa spoki zake husimama wima kuliko za upande wa pili.

Mwisho alizigonga moja moja kwa mpini wa bisibisi, akisikiliza. Zile zenye sauti nzito alizirudia. Akazibana jozi jozi kwa nguvu, zikalia, akanyoosha tena. Zilizotokeza juu ya nati alizisawazisha kwa tupa zisije zikatoboa tyubu.

Siku iliyofuata alienda Majanji, ziwani, kupitia ile barabara ya vumbi na mawe, akarudi na gunia la mukene, dagaa wa ziwani, kwenye keria. Hakuna spoki iliyokatika. Spoki mpya hukaa sawa zikishabeba mzigo, kwa hiyo alilirudisha gurudumu nguzoni kulikaza tena. Alikaza za kulia, akanipa spana, akaenda kunawa. Za kushoto nilizimaliza mwenyewe.