Mlango wa Kushoto

Wiki ya pili sasa kioo cha dirisha la jikoni kwetu kimebandikwa karatasi kwa selotepu. Mke wangu ameshazoea, wageni ndio wanaouliza. Ni karatasi ya stika za maji, zile unazoziloweka zikalegea ukaziteleza juu ya modeli ya ndege, na ina umri mkubwa kuliko wangu. Imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Dawa yake ni jua: unaibandika dirishani, unasubiri, ule unjano unafifia pole pole. Mtu akiwa Dar angemaliza kazi hiyo haraka. Mimi niko Surrey, kusini mwa Uingereza, na jua la huku ni la kuombwa.

Tena stika zenyewe si zangu. Ni za BOAC, shirika la ndege la Uingereza la zamani, bluu iliyokolea na dhahabu, na nimeshamwahidi mwenzangu wa mezani ambaye zake zilisambaratika vipande vipande mara tu zilipogusa maji. Mimi sijengi ndege ya BOAC. Najenga 5H-MOG.

Nieleze kidogo. Kila Alhamisi jioni tunakutana watu tisa kwenye ukumbi wa kanisa, tunaunganisha modeli za plastiki za ndege. Kila mmoja na ndege yake, ila mwaka huu tumekubaliana masharti: kisanduku kiwe cha kabla ya 1980, na usitumie kitu cha kununua kisichotoka ndani ya kisanduku hicho, isipokuwa gundi, pati, msasa na rangi. Ukikosa kitu, kichonge au kichore kwa mkono. Wengi wa hao wenzangu ni wazee waliostaafu. Utotoni walikuwa wanapewa shilingi mbili za Jumamosi, wanakwenda duka la Woolworths, wanarudi na ndege ya Airfix iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Modeli ya kwanza ya kampuni hiyo ya ndege ya kivita ya Spitfire ilitoka mwaka 1953, na mpaka leo wazee hawa wanaicheka kwa jinsi ilivyokosewa umbo, kisha wanaitetea ukiicheka wewe.

Mimi sikukua nazo. Kwetu Temeke tulikuwa na magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili, na aliyekuwa na usukani mrefu ndiye tajiri wa mtaa. Nilipoingia ukumbini mara ya kwanza nilidhani watu wazima wanacheza. Baada ya nusu saa nikajikuta nashika kopo la rangi kwa mtu nisiyemjua huku nimezuia pumzi ili nisimtikise.

Nilichokigundua mapema ni kwamba kazi yenyewe ni ile ile ya gereji. Kalibu za zamani zilichoka, plastiki ikavuja pembeni ikaacha ukingo mwembamba kila kipande, na nusu mbili za kiwiliwili hazikutani sawasawa. Basi unakwangua, unapiga pati, unasubiri ikauke, unapiga msasa, unapitisha kidole ukiwa umefumba macho. Kidole hakidanganywi na rangi. Marehemu baba alikuwa fundi wa bodi za magari pale Gerezani, Dar, na nilikuwa nachukia kumsaidia kupiga msasa. Sasa nalipa ada nipige msasa.

Kisanduku changu nilipewa. Ni Super VC10 ya Airfix, ndege ya abiria ya Kiingereza, skeli ya 1/144, yaani mita moja ya ndege halisi inabaki milimita saba hivi. Ndege ya mita 52 inakuwa ya sentimita 36, unaibeba kwa mkono mmoja kama samaki. Aliyenipa ni mzee mmoja wa kikundi, mtu wa maneno machache. Aliianza akiwa na miaka 11, akaitwa kula, na hakuirudia tena. Kwenye bawa la kushoto kulikuwa na alama ya dole gumba lake, imezama kwenye plastiki, kwa sababu gundi yake haibandiki tu, inayeyusha. Alikuwa ameshika bawa kabla halijakauka, na plastiki ikaikumbuka ile alama zaidi ya miaka hamsini.

Nikamwambia nitaiacha. Nilishaandaa na hotuba yangu kichwani, mambo ya kumbukumbu na utoto. Mzee akachukua bawa, akatoa msasa mfukoni, akaanza kusugua pale pale. "Hili ni kosa," akasema. "Nimelijua ni kosa tangu siku ile." Hakuacha mpaka likaisha.

Nampenda yule mzee kwa hilo. Wapo watu wanaonunua visanduku hivi na kuviweka kabatini vikiwa vimefungwa, kwa kuwa kisanduku kisichofunguliwa kina bei. Kila mtu na fedha yake. Ila mimi nawaona kama mtu aliyenunua sufuria akaitundika ukutani.

Kwa nini 5H-MOG? Shirika la ndege la Afrika Mashariki, lile letu sote watatu, Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja na Zanzibar, lilinunua Super VC10 tano, za kwanza zikiingia mwaka 1966. Zilitengenezwa kiwanda cha Weybridge, hapa hapa Surrey, si mbali na ukumbi wetu. VC10 ilisanifiwa kwa viwanja vya joto na vya juu kama Nairobi, ambako hewa ni nyepesi na ndege hutaka kukimbia mbali kabla ya kupaa. Ndiyo sababu injini zote nne zimerundikwa mkiani, mabawa yakabaki safi kwa kazi yake ya kunyanyua. Zilitengenezwa 54 tu. Ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, mwaka 1970, iliandikwa 5H-MOG. 5H ni Tanzania. Ya mwisho ilikuwa yetu.

Moja kati ya zile tano ilianguka Addis Ababa mwezi Aprili 1972. Mwaka 1977 jumuiya ikavunjika, shirika nalo likafa, na nne zilizobaki zikarudi Uingereza. Jeshi la anga la huku likazichukua, likazigeuza ndege za kujazia wenzao mafuta angani na kuzipaka rangi ya kijeshi. 5H-MOG ikaitwa ZA150. Iliendelea kuruka mpaka Septemba 2013, ilipotua uwanja wa Dunsfold kwa mara ya mwisho. Tanzania iliiandikisha kwa miaka saba, na baada ya hapo ikaishi miaka mingine thelathini na kitu kwa watu wengine. Wenzangu waliponiuliza nitaijenga ya wakati gani, ya kijivu au nyeupe, nilijibu kabla hawajamaliza swali.

Mwezi Aprili tulikwenda wote kwenye jumba la makumbusho la Brooklands, palipokuwa kiwanda, kuangalia VC10 iliyopo pale. Hiyo ni ya Sultani Qaboos wa Oman, aliyoitoa zawadi mwaka 1987. Ukiingia ndani unakuta viti vya kifalme na unajiona umekosea nyumba. Nilipiga picha nikamtumia shangazi yangu aliyeko Muscat, Oman, akajibu kwa ujumbe mmoja tu: "Umevua viatu?"

Tatizo likawa rangi. Stika za Afrika Mashariki hazimo kisandukuni, na sharti ni sharti. Mmoja wetu alikuwa mchora mabango ya maduka maisha yake yote, na alijitolea kuandika herufi kwa brashi ya nywele chache, herufi zenye kimo cha punje ya mchele. Wawili wakapinga, eti mkono wa mtu mwingine ni kama kitu cha kununua. Tukapiga kura. Sita kwa mbili, mimi sikupiga. Mchora mabango akaandika, mkono ukiwa umeegemea kitabu cha nyimbo za kanisa, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Lakini mistari ya rangi mwilini, ipi inaanza juu, ipi inafuata? Picha za miaka ile zimepauka, bluu unaweza kuiita nyeusi ukaapa. Nikakumbuka ninaye mtu. Ba'mdogo wangu alikuwa kijana wa kupakia mizigo uwanja wa Dar miaka ile, kabla shirika halijafa na yeye kurudi mtaani na kofia yake ya kazi. Nikampigia.

"Shikamoo Ba'mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mvua huko?"

Nikamweleza habari yote. Akanisikiliza vizuri, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Rangi? Mimi nilikuwa naona tumbo. Mtu wa mizigo hatazami juu, atavunjika shingo. Niulize milango."

Sikuwa na haja ya milango. Nilimshukuru, nikachagua mistari kwa kufuata picha ambayo wengi wetu tuliiamini, nikaziba kwa selotepu, nikapaka, nikabandua. Ikatoka vizuri. Niseme ukweli, nilijisikia. Alhamisi ile nikaiweka mezani chini ya taa na kumtumia Ba'mdogo picha kwenye WhatsApp, upande wa kulia na upande wa kushoto, nikitegemea sifa.

Jibu likaja kwa sauti. Nikaliweka spika kwa kujivuna, maana wenzangu walitaka kusikia Kiswahili.

"Nzuri. Nzuri sana. Sasa mlango uko wapi?"

Nikaandika: milango yote ipo Ba'mdogo.

"Hapana. Ule mkubwa. Kushoto, mbele, nyuma ya ule wa abiria. Unafunguka kwenda juu. Tulikuwa tunaingiza mizigo mikubwa mle, ghorofa ya abiria. Ndege yako hii haipakii kitu."

Nikawatafsiria. Ukumbi ukawa kama msikiti kabla ya adhana. Kisha vikaanza kutolewa vitabu, majarida, simu, kila mtu na picha zake. Picha nilizokuwa nimezitumia zote, kumbe, zilipigwa kutoka upande wa kulia. Yule mzee wa maneno machache ndiye aliyeipata, picha ya upande wa kushoto, na ukiitazama kwa lenzi unaona mstari mwembamba unaochora mlango mpana. Ndege za BOAC za abiria hazikuwa nao. Zetu ziliagizwa nao, za abiria na mizigo pamoja. Airfix walichonga kalibu ya BOAC, na watu tisa tuliosoma vitabu na kutembelea kiwanda hatukuuona. Aliuona mtu wa Temeke aliyekuwa akiupitishia mizigo.

Rangi ilishakauka. Kuchora mlango sasa ni kukwaruza kwa sindano juu ya rangi na juu ya mistari niliyoihangaikia, na sindano ikiteleza mara moja tu, ni msasa, pati, rangi upya. Mwenzangu mmoja akasema niache, hakuna atakayejua. Yule mzee akamtazama tu. Mimi nilikuwa naijua ile sura, niliiona siku ya dole gumba.

Basi tukakata vipande vya mkanda mgumu viwe rula, tukavibandika kwa kufuata mlango. Mchora mabango akanishikia kiwiliwili, mzee akashika tochi. Tulifanya pande tatu bila kosa. Upande wa nne, ule wa chini, sindano ilihama kidogo, kama unene wa unywele. Nimeuacha. Mzee aliuona, akasogeza tochi, akauangalia kwa muda, akasema huo utazibwa kwa tone moja la rangi Alhamisi ijayo, na nisisahau.

Usiku nikamtumia Ba'mdogo picha mpya. Ilikuwa alfajiri kwake, lakini alijibu hapo hapo.

"Ehee. Sasa ndiyo yenyewe. Ila mmeiegemeza na nini hapo nyuma?"

Kiberiti. Nilikuwa nimeweka kiberiti chini ya mkia, nikidhani hakionekani. Uzito wote wa modeli hii uko nyuma, na chubwi mbili za mshipi nilizozificha puani kabla ya kufunga kiwiliwili hazikutosha. Ukiondoa kiberiti inakaa kitako, pua juu.

Akanitumia sauti nyingine, ndefu, ya namna walivyokuwa wakipanga mizigo ya mbele kwanza, na nani alifokewa siku moja, na mfokaji alikuwa nani. Niliisikiliza mara mbili. Kesho nitatoboa chini ya pua, pale magurudumu yanapoingilia, niongeze chubwi ya tatu.