Tiki za bluu saa nne usiku

Dodoma, Jumapili ya Julai

Baridi na upepo wa msimu huu hufunga milango mapema. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, vyumba vya kupanga vya Nkuhungu na Ilazo vimepokea watumishi wengi ambao familia zao zimebaki Dar es Salaam. Treni ya umeme imefupisha safari tangu 2024, lakini katikati ya wiki mtu bado analala peke yake na simu yake.

Naona simu haimwondolei mtu upweke, wala haimwachi atulie. Inamletea watu nusunusu: chumbani hawamo, ila wanajua kama umesoma ujumbe wao.

Chukua WhatsApp. Tiki moja ya kijivu, ujumbe haujakufikia. Mbili, umefika. Zikiwa za bluu, umesoma, na kuanzia hapo ukimya wako ni jibu. Wengi hukimbilia Mipangilio, kisha Faragha, wakazima hizo za bluu. Inasaidia kiasi. Nawe huzioni tena za wenzako. Kwenye makundi mtumaji bado anaweza kuangalia nani kasoma. Na ujumbe wa sauti ukishausikiliza, alama ya maikrofoni inageuka bluu vilevile. Kwa hiyo kundi la ukoo, lile la michango ya harusi na misiba, halikwepeki kwa njia hiyo.

Magemu ya simu nayo hayalingani kwa upweke. Free Fire hushusha wachezaji hadi 50 kisiwani, na mchezo ukishaanza hakuna kusimamisha, kwa sababu unaendeshwa kwenye seva, yaani kompyuta za mbali, si kwenye simu yako. Bando likikata, mhusika wako anabaki amesimama anapigwa risasi huku timu inakulaani. Huo ni umati, hata kama uko kitandani. Minecraft ya mchezaji mmoja ni kinyume chake: ulimwengu unahifadhiwa kwenye simu, ukishapakuliwa hauhitaji bando, na ukitoka unasimama pale pale ulipouacha. Siku nzima ya mle, mchana na usiku, ni dakika 20. Kwa anayetaka kuwa peke yake kweli, mimi ningempa huo. (Miwani ya uhalisia pepe niiache: Meta Quest 3 ina gramu 515 usoni, na kuzunguka nayo salama kunataka eneo wazi la kama mita 2 kwa 2. Kitanda utakiweka wapi?)

Kuzima data usiku kucha kunaleta shida yake. Kule Dar inabaki tiki moja, na mama aliyezoea mbili anaanza kuwaza hospitali. Bora hali iitwayo “Usinisumbue”, inayonyamazisha simu bila kuzima data. Kwenye Android, fungua Mipangilio, itafute kwa jina hilo, weka ratiba 21:00 hadi 06:00, ruhusu simu za watu uliowawekea nyota kwenye orodha ya namba tu, na acha kengele ya kuamka ilie. Ujumbe utafika, tiki mbili za kijivu zitaonekana, nyumbani watalala. Halafu washa kipengele cha wapigaji wanaorudia: namba ileile ikipiga tena ndani ya dakika 15, simu inalia. Hiyo ni kwa ajili ya dharura. Tatizo ni shemeji anayebip. Akibip mara mbili, simu inamhesabu naye kuwa ana dharura.