Nimeiacha .308 nyumbani

Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori kule Tabora. Bunduki yake ya kazi ilikuwa .458 (namba hiyo ni unene wa risasi kwa inchi), risasi yake peke yake ina uzito wa gramu 32 hivi. Kwetu maneno yaliishia hapo: bunduki ni ile inayopiga kishindo. Nilipohamia Wyoming, Marekani, nikapata ukaazi wa kudumu na kuanza kwenda kulenga shabaha na wenzangu wa kazini, nikanunua .308 Winchester bila kuuliza mtu.

Mwaka mzima nilihangaika na jambo moja. Nikifyatua, kitako kinanisukuma bega, darubini inaruka, shabaha inanipotea. Picha ikirudi, vumbi limeshatulia. Bamba la chuma tunalolenga liko mita 600, na risasi hufika huko kwa sekunde moja hivi. Nimekosa kushoto au kulia? Sijui. Na upepo wa huku si wa kuchezea. Usipoona risasi imetua wapi, ya pili unaipiga kwa kubahatisha.

Siku moja mzee aliyelala jirani yangu uwanjani akanipisha kwenye bunduki yake, 6mm Dasher, ya risasi nyembamba ya milimita 6 hivi. Risasi yake ni grein 105, haifiki gramu 7; yangu ilikuwa grein 175, zaidi ya gramu 11, na baruti nyingi zaidi. Nikavuta. Picha haikuhama! Nikaona bamba likiyumba kwenye minyororo, na doa la kijivu limebaki kwenye rangi nyeupe, upande wa kulia. Nikasogeza nywele za darubini, ile mistari ya kulengea, kushoto kidogo, ya pili ikaenda katikati.

Kabla ya kununua yangu nilifikiria 6.5 Creedmoor, aina nyingine ya risasi nyembamba, iliyotoka 2007, kwa sababu risasi zake zinapatikana karibu kila duka. Kwa anayeanza, ningemwambia achukue hiyo. 6mm Creedmoor nayo ni tamu, ila inachoma baruti nyingi kupitia tundu dogo, na mtutu huliwa mapema pale ganda linapoishia. Nikachagua Dasher, japo risasi zake nazijaza mwenyewe. Jioni nikitoka zamu napima baruti kwenye mizani, ganda moja baada ya jingine, na kazi hiyo nimeipenda kuliko nilivyotarajia.

Udhaifu wake upo. Mita 900 huko chuma hakiyumbi sana, na kwenye mashindano msimamizi anaweza asione kuwa umepiga. Na msimu wa kuwinda elk, mnyama mkubwa kuliko punda, natoa .308 yangu kabatini.

Jumapili nilimpigia baba.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Hiyo bunduki mpya inakula risasi gani?”

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo.

“Gramu saba?”

“Hazifiki, baba.”

“Na ukipiga, unaiona inapotua?”

“Naiona.”

“Haya, niambie, upepo ulikuwa unatoka wapi?”