Picha ya visa ya Marekani kwa simu ya kawaida, hapa Mtwara

Ukiingia studio hapa mjini ukaomba pasipoti saizi, mara nyingi utapigwa na kitambaa cha bluu nyuma na kupewa picha ya mstatili. Kwa visa ya Marekani haifai. Wanataka mraba, nyuma nyeupe isiyo na pambo, faili la JPEG la rangi lisilozidi kilobaiti 240, pikseli kuanzia 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, picha iwe ya ndani ya miezi 6. Miwani haitakiwi tangu Novemba 2016, hata ile ya macho.

Mimi huziandaa kwa simu, na kinachosumbua zaidi ni mwanga. Jua letu la pwani likishapanda, macho yanazama kivulini na chini ya pua unaota weusi kama masharubu. Napigia barazani kwenye kivuli, asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi, mtu akiuelekea uwanja ulio wazi. Nyuma natundika shuka jeupe lililopigwa pasi, maana mikunjo inaonekana. Asiliegemee, asimame mbele yake kama mita moja, kivuli kiangukie sakafuni.

Sasa ngozi nyeusi mbele ya shuka jeupe. Simu inapima mwanga wa picha nzima, inakuta weupe mwingi, inapunguza, uso unatoka giza. Gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka kipimo kijifunge, kisha pandisha ile alama ya jua taratibu hadi nyusi zitengane na ngozi. Shuka likikolea weupe kidogo si neno. Usisubiri kung'arisha baadaye kwa programu: ngozi inageuka kijivu, na picha iliyochezewa hukataliwa. Jasho nalo lipanguse kwa kitambaa kikavu kabla ya kila pigo. Paji la uso linalong'aa linafuta sura.

Tumia kamera ya nyuma, kaa mita moja na nusu hadi mbili, vuta picha kwa zumu ya mara mbili. Ukimsogelea mtu, pua inakua na masikio yanajificha. Zima hali ya urembo inayolainisha ngozi, zima pia ile hali ya kufifisha nyuma, inakula kingo za nywele. Mdomo ufungwe, macho yote mawili wazi, uso usiinamie upande.

Hijabu inaruhusiwa kwa anayeivaa kila siku kwa ajili ya dini, mradi uso uonekane wote kuanzia kidevu hadi paji na usiangukiwe na kivuli cha kitambaa. Nyeupe naikwepa, inapotelea kwenye shuka, na kanzu nyeupe vilevile. Baraghashia nashauri ivuliwe tu, kupunguza maswali. Mtoto mchanga mlaze chali juu ya shuka, umpige kwa juu, mkono wa mama usionekane.

Kwenye kukata, kichwa kutoka juu ya nywele hadi chini ya kidevu kichukue asilimia 50 hadi 69 ya kimo cha picha. Kwa pikseli 600 hiyo ni 300 hadi 414. Mstari wa macho uwe pikseli 336 hadi 414 kutoka chini. Nywele zikiwa nyingi zinahesabiwa, kwa hiyo uso wenyewe utaonekana mdogo; uache hivyo.

Uzito wa faili una mtego. Mgandamizo usizidi 20 kwa 1, yaani faili lisibanwe zaidi ya mara 20 ya data yake ghafi; maana yake picha ya 600 kwa 600 isishuke chini ya takriban kilobaiti 54. Ya 1200 kwa 1200 inabanwa kati ya 216 na 240, finyu mno. Ndiyo maana naishia 600 au 800. Na ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha inabanwa tena njiani.

Fomu ya DS-160, ile ya mtandaoni ya kuomba visa ya muda, huikagua picha unapoipakia, lakini kupita pale hakumfungi ofisa. Visa ya uhamiaji, inayoombwa kwa fomu ya DS-260, ina utaratibu wake: unabeba picha mbili zilizochapwa kwenye usaili, ubalozini Dar es Salaam, na kwa aliyetoka Lindi au Mtwara ni heri ziwe tayari kabla ya kupanda basi. Zichapwe kwenye karatasi ya picha, milimita 51 kwa 51. Mwambie mwenye duka la kuchapa aondoe ile amri ya kujaza ukurasa, la sivyo vipimo vinahama. Zikitoka weka rula: upande uwe 51, na kichwa kiwe kati ya milimita 25 na 35.