Nilivyoupata ufunguo wa nyumba Nzuguni, kenta ikiwa imeshafika na mzigo

Karibu kila niliyemwambia nahamia Nzuguni, hapa Dodoma, alinipa ushauri uleule: lipa kodi yote, pakia vitu, ufunguo utaukuta hukohuko. Mmoja kazini akaongeza kwamba nikikuta mlango umefungwa nivunje kitasa, maana nikishalipa nyumba ni yangu. Nawaheshimu wote, ila ushauri huo ni mbaya, na umenikera kiasi cha kunifanya nikae niandike. Nimeshaona kwa macho yangu familia ikikaa barabarani na magodoro hadi giza linaingia, watoto wamejifunga kanga kwa upepo, baba anapiga simu isiyopokelewa. Walikuwa wamelipa kila kitu.

Nafanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Nilikuwa naishi Nkuhungu, upande mwingine kabisa wa jiji, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nalikata jiji lote kwenda kazini na jioni nalikata tena kurudi. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kweli 2016, na tangu hapo nyumba za kupanga upande wa barabara ya Dar es Salaam zinagombaniwa. Ukisita, mwenzako kashalipa. Madalali wanalijua hilo, ndiyo maana wanakuharakisha.

Nyumba niliyoipata ilikuwa na vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko, simtanki na uzio. Kodi laki mbili na nusu hivi kwa mwezi, miezi sita mbele, na dalali achukue ya mwezi mmoja juu. Dalali alitaka fedha zote zipite mkononi mwake siku hiyohiyo. Nilimuuliza ufunguo yuko nao nani. Akasema, "Dada yangu, ufunguo ni suala la dakika tano, upo kwa kijana anayeangalia nyumba." Nikamwomba namba ya mwenye nyumba. Hakunipa.

Namba niliipata kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilikwenda kumwamkia na barua yangu ya utambulisho kutoka mtaa ninaotoka, jambo ambalo mpangaji yeyote anatakiwa kulifanya hata hivyo, nikamweleza. Yeye mwenyewe akapiga simu mbele yangu. Kumbe mwenye nyumba ni mama wa makamo anayeishi Morogoro, nyumba ilikuwa imekaa tupu miezi kadhaa, na ufunguo wa mlango mkubwa anao yeye mwenyewe, kwenye mkoba wake. Kijana alikuwa na ufunguo wa geti tu.

Hapo ndipo nilipoweka sharti ambalo najivunia mpaka leo. Nilimwambia, "Mama, nakutumia miezi mitano leo. Wa sita nitakutumia siku ya makabidhiano, mlango ukishafunguka mbele ya mwenyekiti." Nilidhani angekataa. Akasema sawa mwanangu, andika kwenye mkataba. Tukaandika hivyohivyo. Dalali alilalamika sana, akasema Dodoma hakuna mtu anayepangisha kwa namna hiyo, lakini mwenye mali alikuwa ameshakubali. Ule mwezi mmoja niliuita kishika ufunguo, na dalali naye nikamwambia chake kitatoka siku hiyohiyo.

Siku niliichagua kwa makusudi: Jumamosi, baada ya maonyesho ya Nane Nane kwisha, kwa kuwa wiki ile barabara ya Nzuguni hujaa. Dereva wa kenta nilipatana naye kwa maneno yaliyonyooka, shahidi akiwa jirani yangu wa Nkuhungu: bei ni mpaka kitanda kiingie chumbani, siyo mpaka gari lifike. Ilikuwa kama elfu themanini. Sikujali kuongeza kidogo ili neno hilo liwemo.

Mama akaniahidi ufunguo utakuja na basi la kwanza kutoka Morogoro. Nilimwomba aufunge kwenye kipande cha boksi kwa gundi ya karatasi, maana ufunguo mtupu ndani ya bahasha hutoboa ukadondoka, aandike jina na namba yangu, kisha apige picha namba za basi na anipe simu ya kondakta. Alfajiri picha ikaingia. Tukaanza kupakia. Kurudi nyuma hakukuwepo, kwa sababu mpangaji mpya wa Nkuhungu alikuwa anaingia mchana uleule.

Tulipofika Nzuguni nilimkuta dalali mlangoni anatokwa jasho. Hakutaka kusubiri basi. Alikuwa amekusanya funguo kutoka kwa majirani na kwa fundi mmoja, akawa anajaribu mmoja baada ya mwingine, na mmoja uliingia. Haukuwa wenyewe, ila uliingia, akaulazimisha kwa koleo. Ukakatika. Kipande kikabaki ndani ya silinda, ile sehemu ya kitasa inayopokea ufunguo, kimezama, huwezi kukishika kwa kucha wala kibanio. Maana yake hata ufunguo halali ukifika, hauna pa kuingia.

Dereva alishuka akatazama, akasema, "Dada, mimi muda wangu ni hela." Nikamkumbusha makubaliano ya kitanda. Akanyamaza, akaenda kukaa kivulini. Dalali akataka kumwaga mafuta ya kula kwenye tundu. Nilimzuia kwa mkono! Vumbi la Dodoma mwezi wa nane linaingia kila mahali, na likikutana na mafuta ndani ya kitasa linageuka tope linalokwamisha kila kitu. Kijana yeye alishaleta nondo avunje. Huyo naye nikamzuia.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi seremala, na vitasa nilivichezea tangu mdogo. Ndani ya silinda kuna vijiti vidogo vilivyokaa juu ya springi. Ufunguo wenyewe huvisukuma vyote vikae usawa mmoja, ndipo silinda inazunguka. Sasa ufunguo ukikatika huku umeshazungushwa hata kidogo, vijiti vinakuwa vimekibana kile kipande na hakitoki hata ukikivuta vipi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kulirudisha tundu likae wima kama lilivyokuwa kabla hajalilazimisha. Nilitumia bisibisi nyembamba, nikaligusa taratibu, nusu milimita kila mara, mpaka nikasikia kale kamlio kadogo ka vijiti kurudi mahali pake.

Kijana nikamtuma duka la vifaa vya ujenzi aniletee bledi ya msumeno wa chuma, ya elfu mbili tatu. Nikaivunja kwa urefu nipate kipande chembamba sana chenye meno. Kisha nikachukua penseli ya mwanangu, nikaisaga ncha yake kwenye karatasi, nikapuliza ule unga mweusi ndani ya tundu. Unga wa penseli unalainisha na haushiki vumbi. Nikaingiza bledi pembeni ya kipande, meno yakiwa yanaelekea nje kwangu, nikaizungusha kidogo ikang'ata, nikavuta. Ikateleza. Nikarudia. Ikateleza tena. Bibi wa nyumba ya jirani, aliyekuwa ametupokea kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na kuturuhusu kuweka friji na godoro ndani ya uwanja wake, alikuwa amesimama nyuma yangu akisema polepole mjukuu wangu, polepole. Nikaacha kuvuta kwa nguvu, nikawa navuta huku nagonga silinda kwa mpini wa bisibisi ili vijiti viruke. Kipande kikasogea. Kikachomoza kidogo, nikakimaliza kwa kibanio cha nyusi. Bibi alipiga kigelegele, na mimi nilifurahi kuliko siku niliyopata ajira.

Huku nyuma simu ya kondakta haikupoa. Gairo. Kibaigwa, wameshuka abiria. Mbande. Chamwino. Alipotaja Chamwino nikapanda bodaboda mwenyewe kwenda stendi kuu, ambayo bahati nzuri ipo hapohapo Nzuguni. Dalali alijitolea kwenda, nikamshukuru nikamwambia abaki. Bahasha inapokelewa na yule ambaye jina lake limeandikwa juu yake, na kondakta alinitaka nimpigie kwa ile namba iliyoandikwa juu ya bahasha ndipo anipe. Alifanya vizuri sana.

Mlango ulifunguka mwenyekiti akiwepo. Sikuruhusu mzigo kuingia kwanza. Nilipita chumba kwa chumba na simu nikipiga picha: ufa mmoja wa ukuta jikoni, koki ya bafuni inayovuja, mita ya maji na namba zake, vioo vya madirisha. Maji nilifungua kila bomba, kwa sababu huku kuna mgao na unaweza kuambiwa ni siku ya mgao kumbe bomba ni bovu. Halafu nikanunua umeme wa elfu ishirini nione. Meseji ya LUKU inakuonyesha makato yote, na pale yalikuwa mengi: nyumba ilikuwa imekaa bila kununuliwa umeme, hivyo kodi ya jengo, ambayo tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ilikuwa imejilimbikiza na ikakatwa yote kwenye fedha yangu. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, siyo ya mpangaji. Wapangaji wengi tunailipa tu kimya kimya.

Nilimpigia mama, nikamtumia picha ya meseji. Akaniambia nikate kwenye ule mwezi wa sita, pamoja na bei ya koki. Kama ningekuwa nimeshalipa yote, sijui ningeyadai vipi hayo. Nikakata, nikamtumia iliyobaki mwenyekiti akiona, akagonga muhuri kwenye mkataba. Dalali nilimpa chake chote bila kupunguza, kwa sababu nyumba aliitafuta kweli na nyumba ni nzuri. Kitanda kikaingia chumbani na dereva akaondoka na fedha yake.

Wiki iliyofuata nilimwomba mama ruhusa nibadilishe silinda. Sikujua zimechongwa funguo ngapi za mlango ule tangu nyumba ijengwe, na mimi nina watoto wanaobaki na dada mchana. Nilifungua ya zamani nikaenda nayo dukani ili nisikosee urefu, nikafunga mpya ndani ya muda mfupi tu. Ufunguo mmoja wa ziada nikaufunga kwenye boksi, nikampa kondakta wa basi la Morogoro ampelekee mama.