Sawazisha kwanza, pamba baadaye: rangi na mwanga kwenye panorama

Ukiona panorama yako (picha pana iliyounganishwa kutoka picha kadhaa) ina mabaka angani, yaani kipande cha bluu iliyokolea kimekaa pembeni ya kipande cha bluu iliyopauka, usikimbilie slaida ya saturesheni, ile ya kukoleza rangi. Watu wengi sana wanafanya hivyo, wanaongeza rangi ili tofauti isionekane, na mabaka ndo yanazidi kwa sababu saturesheni inakuza kila kitu mpaka kasoro. Kwenye panorama kuna kazi mbili na mimi nazitenganisha kabisa: kwanza picha zote zikubaliane, halafu ndo picha nzima ipendeze. Ukizichanganya utahangaika na slaida usiku kucha na hutajua tatizo liko wapi.

Kamera ikiwa kwenye auto, kila fremu inapimwa upya kivyake. Ukielekea jua inapunguza mwanga, ukigeukia kivulini inaongeza, na waiti balansi, yaani kipimo cha kamera cha rangi gani ihesabiwe nyeupe, nayo inahama, kwa hiyo fremu moja ina ubluu na ya pembeni yake ina unjano. Ndo maana kila siku nasema piga manual (mipangilio unaiweka mwenyewe), piga RAW (faili ghafi la kamera), funga waiti balansi, na kazi yote ya huku mbele inakuwa nyepesi. Ila hata ukifanya hayo yote bado kuna lenzi yenyewe. Karibu kila lenzi inatoa mwanga mwingi katikati kuliko kwenye kona, na kwenye picha moja unaweza usigundue kabisa, lakini ukipanga picha nane kwa upana kona ya hii inakutana na kona ya ile na unapata vivuli vinavyojirudia angani kama mikunjo ya pazia. Kupunguza tundu la lenzi mpaka f/8 hivi kunapunguza sana, kilichobaki kinamalizwa na programu.

Na hapo ndo napenda jinsi hizi programu zinavyofikiri. Chukua Hugin, programu ya kuunganisha panorama ambayo ni ya bure na imejengwa juu ya Panorama Tools aliyoianzisha Helmut Dersch mwaka 1998. Inaangalia ile sehemu ambayo picha mbili zinaingiliana, na kwa kuwa ni ukuta ule ule na anga lile lile, tofauti yoyote ya mwanga au rangi inahesabiwa kuwa imetoka kwenye kamera au lenzi. Kutokana na tofauti hizo inakadiria ekspoja (kiasi cha mwanga) ya kila fremu, waiti balansi yake, giza la kwenye kona, mpaka namna kamera ilivyogeuza mwanga kuwa namba. Kwa hiyo zile picha ulizopiga kwa kubana, zinaingiliana kidogo tu pembeni, zinainyima programu ushahidi, mimi sishuki chini ya asilimia 30. Kama kuna watu wanatembea au mawimbi yanapiga kwenye hiyo sehemu hesabu inaweza kuvurugika, na hapo ni bora uiambie programu ekspoja na waiti balansi zibaki kama zilivyo, kama ulipiga manual, ikadirie giza la kona tu.

Kitu ambacho wengi wanakiruka ni kuchagua picha ya rejea, yaani ile ambayo wenzake wote watafuata mwanga wake na rangi yake. Usiiachie programu ijichagulie. Ikichaguliwa fremu iliyoangalia jua, ambayo kamera iliipunguza mwanga, panorama nzima itatoka giza na utakuja kuivuta baadaye na kuibua chengachenga kwenye vivuli. Mimi nachukua fremu yenye jua kwa ubavu, ina kitu cheupe na ina kitu cha kijivu, naiweka rejea, ndo naendesha hesabu.

Utasikia mtu anasema usijali, programu itafuta mshono yenyewe. Ni kweli mshono utafutika. Enblend kwa mfano, programu ya kuchanganya picha zilizopangwa, inatumia njia iliyoelezwa na watafiti Burt na Adelson mwaka 1983, ambapo mabadiliko mapana ya mwanga yanachanganywa kwenye eneo pana na vitu vidogo vidogo vinachanganywa kwenye eneo jembamba, kwa hiyo huoni mstari. Lakini kama fremu mbili zimepishana stopu moja, yaani moja imepata mwanga mara mbili ya mwenzake, ile tofauti haijaenda popote, imetandazwa tu, na anga linabaki lina mawimbi ya mwanga na giza ambayo jicho linayaona hata kama haliwezi kusema yanaanzia wapi. Kuchanganya sio kusawazisha jamani.

Filta ya polaraiza ivue kabisa ukipiga panorama pana. Inatia anga giza zaidi kwenye eneo lililo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na ile giza ni ya kweli kwenye kila fremu, kwa hiyo programu haina namna ya kujua kwamba huitaki.

Sasa mapambo. Panorama ikishaungana itoe kwa faili la TIFF la biti 16, sio JPEG, kwa sababu biti 8 inakupa hatua 256 tu kwa kila rangi na anga ni mteremko mrefu laini wa rangi moja, ukilivuta kidogo tu linakatika ngazi ngazi. Biti 16 ina hatua 65,536, unaweza kuvuta kwa raha.

Kama ni ile ya digrii 360, upana mara mbili ya urefu, kumbuka kitu kimoja: kingo ya kushoto na ya kulia ni sehemu moja. Kuongeza mwanga, kevu (curves) za rangi, waiti balansi, hizo hazina shida maana kila pikseli inahesabiwa peke yake. Tatizo ni klariti (kukoleza tofauti ndogo ndogo za mwanga), kuondoa ukungu, kunoa, na zote ambazo zinaangalia pikseli za jirani kabla ya kuamua. Zikifika ukingoni zinadhani picha imeisha, zinahesabu tofauti kila upande, na ukija kuifungua kwenye kioneshi cha picha za 360 unakuta mstari wima umesimama angani. Namna ya kuukagua ni rahisi. Picha ya pikseli 8000 kwa 4000, fungua filta ya ofseti, sogeza kwa upana pikseli 4000 na uchague izunguke, kingo zote mbili zinakuja katikati ya skrini na mstari unauona waziwazi. Rekebisha hapo hapo na brashi laini, afu sogeza tena 4000 inarudi ilivyokuwa.

Juu na chini ni pagumu zaidi. Safu nzima ya juu kabisa ya pikseli ni nukta moja tu utosini, kwa hiyo klariti ikipita pale unapata miale kama nyota. Mimi naziba juu na chini na maski kabla ya kugusa klariti. Na ile vinyeti ya urembo ya kutia giza pembeni usiiweke, picha ya mduara haina pembeni.

Ukimaliza kuediti na kusevu JPEG ya mwisho ya kuonesha watu, hakikisha taarifa za XMP zinazosema picha ni ya duara zimebaki ndani ya faili, maana baadhi ya programu za kuediti zinazifuta, na kioneshi kinaweza kuifungua kama picha bapa ya kawaida. Zikiwa zimefutika, zirudishe kwa programu ya ExifTool, sehemu ya ProjectionType uandike equirectangular.