Mtu wa Futikamba kwenye Kuta za Zimbabwe Kuu

Kombi, yaani daladala ya huku Zimbabwe, ilinitoa Masvingo asubuhi na kunishusha kwenye kibao cha njia panda ya Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa kale wa mawe. Kilomita zilizobaki nikazimaliza kwa miguu. Nilikuwa namfuata marehemu mmoja ambaye michoro yake niliijua tangu Kilwa: Peter Garlake.

Garlake alizaliwa Cape Town mwaka 1934, akasomea usanifu majengo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliizunguka pwani yetu akipima misikiti na majumba ya matumbawe, Husuni Kubwa, jumba la sultani wa Kilwa, ikiwemo, na mwaka 1966 michoro ile ikatoka kitabuni. Utadhani ni ya fundi anayeanza ujenzi kesho: kila mlango na kipimo chake, kila kidaka mahali pake.

Getini nikapewa mwongoza watalii, kijana mpole. Tuliongea Kiingereza, ila jina la mahali alinitajia kwa Kishona: "Dzimba dza mabwe." Nikacheka. Aliyewahi kupanda gari la Mabwepande hahitaji mkalimani hapo. Ni nyumba za mawe.

Mzingo wa Uzio Mkuu, boma kubwa la magofu haya, ni kama mita 250, na ukuta wake kuna sehemu unafika kimo cha mita 11. Nilijaribu kupenyeza ukucha kati ya jiwe na jiwe, ukagota. Hakuna udongo, hakuna chokaa, ni graniti juu ya graniti. Kijana akanitembeza kando yake taratibu. Mwanzoni mistari ya mawe inayumba kama mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Mbele inanyooka, na juu kabisa mawe yamelazwa mshazari, safu mbili, kama ukili wa mkeka. Mafundi walijifunzia kazi hapahapa. Walowezi wa kizungu walidai kuta hizi zilijengwa na wageni kutoka mbali. Ukimwambia msanifu majengo kwamba wageni hao walikuja wakiwa wameshahitimu, atakuuliza: basi huu upande unaoyumba ni wa nani?

Ndilo lililomponza Garlake. Tangu 1964 alikuwa mkaguzi mwandamizi wa mambo ya kale Rhodesia, jina la Zimbabwe enzi hizo, na serikali ya walowezi haikutaka kusikia kuwa mababu wa Washona ndio waliojenga. Wala hakuwa wa kwanza kusema: mwanaakiolojia Randall-MacIver alikwisha sema 1905, mwenzake Caton-Thompson akasema 1929. Mwaka 1970 Garlake akaacha kazi, akaondoka nchini. Akaenda kuchimba Ife, Nigeria, kwenye sakafu zilizotandazwa vigae vya vyungu, kisha akafundisha London. Alirudi 1981, akikuta nchi iko huru na imechukua jina la magofu yenyewe. Miaka ya baadaye aliitumia kwenye michoro ya miambani ya wawindaji wa kale, hadi kifo chake mwaka 2011.

Mlimani nilipanda kwa ile njia ya kale, kosa langu mwenyewe. Inapita kwenye ufa kati ya majabali, na begi langu likanasa. Nyuma yangu kulikuwa na msururu wa wanafunzi. Walinisukuma huku wakicheka hadi nikachomoka.

Kwenye jumba la makumbusho nilisimama sana mbele ya ndege wa jiwe la sabuni, yule ambaye mamba anapanda nguzo yake. Mamba ni mdogo, kachongwa kwa haraka kidogo, lakini kweli anapanda.

Nilimwambia kijana kwamba hapa iliwahi kuokotwa sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa aliyejenga Husuni Kubwa katika karne ya 14, enzi ambazo dhahabu ya bara hili la ndani ilishukia bandari ya Sofala, Msumbiji, na kupandishwa hadi kwetu. Alijua. Alichotaka ni kuona hiyo nyumba. Nikafungua picha kwenye simu, akaivuta kwa vidole ikawa kubwa, akaukazia macho ukuta.

"Mmeyagandisha na nini?"

"Chokaa."

Akanirudishia simu. "Kwani yenyewe hayakai?"